Kiti cha Choo Chenye Pembe za Kifaru

Wajukuu zangu wa fizio, wa tiba ya viungo, nyinyi mlioajiriwa juzi mkapewa mipira mikubwa ya rangi, vitanda vinavyopanda na kushuka kwa kubonyeza na chumba chenye picha za katuni ukutani, hebu nisikilizeni kidogo. Mimi nimestaafu, sina haraka ya kwenda popote. Najua nyinyi mna foleni mlangoni na simu zinazotetemeka mfukoni, lakini foleni haijawahi kuisha hospitali ya Machakos, na haitaisha leo kwa sababu mmekataa kunisikiliza.

Nilifanya kazi ya kunyoosha watoto miaka mingi, na mtu akiniuliza ilikuwa kazi gani, humwambia nilikuwa nabishana na watu wafupi. Mtu mzima ukimwambia inua mguu, atainua, hata kama anakutukana moyoni. Mtoto atakuuliza kwa nini. Ukimjibu, atakuuliza kwa nini tena. Mwisho utajikuta wewe ndiye umeinua mguu na yeye amekaa anakutazama anakula ndizi yako.

Mumbuni, ninakoishi mpaka sasa, watoto walinipa jina. Waliniita Mama Uchungu. Nilikuwa nikienda dukani kununua mkate, unaona kichwa kinatokeza nyuma ya nguzo, kisha unasikia, "Mama Uchungu anakuja!" na barabara inabaki tupu kama kumetangazwa kafyu. Mama mmoja jirani alinitumia vizuri sana. Mwanawe akikataa kuoga, alimwambia, "Sawa, nitamwita Mama Uchungu akunyooshe." Mtoto aliingia karai mwenyewe. Sikulipwa chochote kwa huduma hiyo.

Jina lenyewe nililistahili mwanzoni, maana chuoni tulifundishwa kuvuta. Msuli umekaza? Vuta. Mtoto analia? Vuta huku unamwimbia. Nilipofika idarani, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilivuta mguu wa mtoto mmoja mpaka kilio kikafika wodi ya wanaume, nikatoka nimejifuta jasho, najiona fundi. Mkubwa wangu aliitwa Bwana Nzioka, mtu mnene, mwenye sauti ya chini na suruali iliyochakaa magotini. Akaniuliza, "Umemaliza?"

"Ndiyo, bwana."

"Mtoto amefanya nini?"

"Amelia."

"Na wewe?"

"Nimevuta, nimekunja, nimenyoosha."

"Basi wewe ndio umefanya mazoezi. Kesho ukuje mapema, yeye akae kwa kiti, wewe ulale kwa kitanda."

Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nikaja kuona yeye anafanyaje, nikaelewa kwa nini magoti ya suruali yake yalikuwa yamechakaa. Bwana Nzioka alifanya kazi sakafuni. Alitambaa. Alikuwa simba, alikuwa lori la mchanga, alikuwa daraja ambalo watoto walipita chini yake. Mtoto mwenye mkono dhaifu, alimpa glavu ya hospitali iliyojazwa maji, akaitoboa vidole kwa sindano, akaining'iniza chini ya meza na kumwambia mtoto akamue ng'ombe. Jaribuni hiyo, nawaambia. Hakuna mashine itakayomfanya mtoto abane na kuachia vidole kwa nusu saa bila kulalamika, lakini glavu yenye maji itafanya, hasa kwa watoto wetu ambao wameona ng'ombe akikamuliwa na wakafukuzwa wasimkaribie.

Siku moja wageni walikuja kukagua hospitali, wamevaa tai, wanaongozwa na mkubwa fulani wa utawala. Walifungua mlango wa idara yetu wakakuta makalio ya Bwana Nzioka yametokeza chini ya meza, maji yanatiririka, na mtoto amekaza macho kwa kazi. Mkubwa akakohoa. "Nani anasimamia hapa?"

Sauti ikatoka chini ya meza. "Ngojeni kidogo. Ng'ombe anakamuliwa."

Wakangoja. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikitamani ardhi inimeze, lakini nawaambia kweli, tai zote zile zilisimama kimya mpaka kidole cha mwisho cha glavu kikakauka.

Vijana wa sekondari nao ni shughuli nyingine. Usimwambie kijana afanye mazoezi kwa sababu ni mazuri kwake, hiyo anaisikia kwa kila mtu kuanzia kwa mama hadi kwa padri. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliumia goti akicheza mpira. Nikamwambia awe anasimama kwa mguu ule mmoja wakati wa kupiga mswaki, ili goti lipate nguvu na akili. Kwa kumchokoza nikaongeza, "Na usimwambie mtu, hii ni siri ya wachezaji wakubwa." Baada ya muda mwalimu wa zamu akanipigia simu hospitalini. Bweni zima lilikuwa linapiga mswaki kwa mguu mmoja kila asubuhi, wanaangukiana kwenye sinki, na wawili wamevunja bomba. Aliniuliza kama ni ugonjwa. Nilimwambia ni kinga.

Lakini niliyetaka kuwaambia habari zake hasa ni Muthama.

Muthama alitoka upande wa Kithimani, akaletwa kwetu mgongoni mwa mama yake akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanapanda miti. Ubongo wake uliumia kidogo wakati wa kuzaliwa, mnajua wenyewe matokeo: misuli ya miguu imekaza, mapaja yanabanana, akisimamishwa miguu inapishana kama mkasi. Kichwa chake hakikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa yetu, maana mdomo wake haukupumzika. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye kofia akamuuliza mama yake, "Huyu ndiye wa kuliza watoto?"

Kilichonichanganya ni mama. Kila akisema na mtoto alimwita Mzee. "Mzee ako na njaa." "Mzee amekojoa kwa njia." Wanaojua Ukambani wameshaelewa. Mtoto alipewa jina la babu yake, mzazi wa mume, na mke wa mtu wa kule, hasa aliyelelewa na watu wa zamani, hataji jina la baba mkwe ovyo ovyo. Basi mtoto anakuwa Mzee. Na Mzee huyu alikuwa ameligundua jambo hilo kabla hajaota meno ya pili. Nikimwambia mama amkazie afanye mazoezi nyumbani, ananiambia, "Daktari, nitamkazia aje? Nikimgombanisha anasema, 'Unaongea na baba mkwe hivyo?' Mimi nacheka, kazi imeisha."

Babu mwenyewe, Muthama mkubwa, alikuja naye karibu kila mara. Alikuwa mzee mkavu mrefu aliyefanya kazi ya kuchonga vinyago maisha yake yote, kule Wamunyu, kabla hajahamia Kithimani kwa mwanawe. Yeye na mjukuu waliongea kama watu wa rika moja. Walikuwa wanasengenya majirani.

Ukafika mwaka ule shule za msingi zilipofanywa za bure, na watoto wote wa kijiji wakamiminika darasani, hata wenye ndevu. Muthama akasema na yeye anaenda. Mama akampeleka mgongoni. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, nilienda kuongea naye mwenyewe kwa gari la hospitali. Alinionyesha darasa la kwanza, limejaa mpaka mlangoni.

"Daktari, mimi sikatai mtoto," aliniambia. "Huyu ako na akili, ameniuliza maswali mpaka nikakaa chini. Kusoma atasoma. Lakini nani atambeba akiitwa na choo? Mwalimu ako na watoto hawa wote. Mama hawezi kukaa hapa kutwa, ako na shamba. Nikimchukua ajiendee mwenyewe hivi aanguke kwa shimo, mtakuja kuniuliza mimi."

"Na akijua kwenda mwenyewe?"

"Akienda mwenyewe, akarudi mwenyewe, bila mtu kumshika, ataingia darasani siku hiyo hiyo. Asipoweza mpaka Januari, wazazi watafute ile shule ya bweni ya walemavu. Mimi sina njia ingine."

Shule ya bweni ilikuwa mbali sana, na Muthama hakuwa amelala nje ya nyumba yao hata siku moja. Mama alilia. Muthama akauliza kama huko bweni kuna kuku, akaambiwa hakuna, akalia na yeye.

Kwa hiyo jueni hilo, nyinyi mliosoma vitabu vinene. Mtihani wa kuingia darasa la kwanza ulikuwa choo. Mtoto huyu alihitaji kutembea kwa fremu, ile ya chuma ya kuegemea, kutoka darasani hadi msalani, kuvua kaptura, kukaa, kujifuta, kuvaa, na kurudi. Fremu tulimpatia, fundi wa kuchomelea mjini aliikunja kwa mabomba. Kutembea nayo alikuwa anaanza. Ila kuchuchumaa juu ya shimo kwa miguu ile hakungewezekana hata tungeomba mwaka mzima. Alihitaji kiti cha kuweka juu ya shimo.

Wakati huo tulikuwa tumejifunza kutengeneza vifaa kwa karatasi. Msicheke. Unachukua kadibodi, magazeti ya zamani na gundi ya unga uliopikwa kama uji mwepesi. Gazeti unalichana kwa mkono, hulikati kwa makasi, maana ncha zilizochanika hushikana vizuri. Unapaka, unabandika, unasugua kwa kijiko hewa itoke, unaongeza tabaka juu ya tabaka, unaanika juani mpaka ukigonga kinalia kama mbao. Mwisho unapaka vanishi. Bwana Nzioka alikuwa na uzito wa kutosha kwa majaribio. Kiti chochote alichokikalia kikabaki kiti, tuliwapa wagonjwa. Na ili wadudu wasile unga, alikuwa na mbinu yake ya kuongeza chumvi kwenye gundi. Chumvi nyingi.

Kiti cha Muthama kilitoka kizuri ajabu. Kilikuwa na tundu katikati, mahali pa kuegemea mgongo na pa kuwekea mikono. Tukakipeleka Kithimani awe anafanyia mazoezi ndani ya nyumba, kukaa na kuinuka, kukaa na kuinuka.

Nilipokwenda kumwona baada ya muda, nilimkuta Muthama kwenye mkeka. Kwenye kiti hakuwepo mtu. Babu alikuwa amelala chali sakafuni, miwani puani, kichwa chini ya kiti.

"Babu, unafanya nini huko?"

"Nasoma."

Vanishi, kumbukeni, inaonyesha kilicho chini yake. Magazeti yote yalisomeka vizuri kabisa. Mzee alikuwa amemaliza mgongo wa kiti, akamaliza pembeni, sasa amefika chini ya tundu. Kumbe kwenye mkono wa kushoto kulikuwa na habari ya mwizi wa kuku aliyekimbilia kanisani akajifanya ni mwanakwaya, na habari ilikatika pale padri anapogundua kwamba begi la mwimbaji linawika.

"Nimetafuta mwisho wake kiti nzima," babu alinilalamikia. "Mlibandika wapi ile kipande ingine?"

"Babu, sisi hatusomi. Tunabandika."

"Hiyo ni kazi mbaya."

Ndipo nikaona kwamba kwenye ule mkono wa kushoto, tabaka la juu limebanduliwa kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayemenya yai. Babu akatazama dari. "Nilifungua kidogo tu. Nilifikiri iko chini."

Nikambandikia kipande kingine bila vanishi, nikamwomba asome vitabu vya dini. Sikujua kwamba pale alipobandua vanishi imetoka na chumvi imebaki wazi. Wiki iliyofuata mama akaja hospitalini mapema kuliko siku yake, mtoto mgongoni, uso umemwanguka.

"Daktari, kiti imekuliwa."

"Imevunjika?"

"Imekuliwa. Mbuzi. Niliosha, nikaweka nje ikauke, nikaenda kuchota maji. Kurudi imebaki mguu moja na tundu."

Tundu lilibaki vipi sijui mpaka leo, lakini ndivyo alivyosema. Najua mnachongoja. Mnangoja niseme kwamba Muthama alipoona mbuzi anakula kiti chake, aliinuka kwa hasira akamfukuza, na sote tukamsifu Mungu. Hapana. Nimefanya kazi hii muda mrefu, sijaona misuli ikifunguliwa na mbuzi. Alikaa kwenye mkeka akapiga kelele, mbuzi akamtazama, akaendelea kutafuna.

Mwaka ulikuwa unayoyoma. Bwana Nzioka akaona aibu ya chumvi yake, akataka tuanze kingine, lakini mvua ilikuwa imeanza na karatasi haikauki wakati wa mvua. Nikamgeukia babu. "Wewe ulikuwa mchongaji. Tuchongee."

Mzee alikataa. Alinieleza jambo ambalo sikulijua. Wachongaji wa rika lake hawakuchonga kila kitu. Kila mmoja alikuwa na mnyama wake. Kuna aliyechonga twiga tangu ujana mpaka akafa, ukimpa gogo achonge swala anatoa twiga mfupi. "Mimi mkono yangu inajua kifaru," alisema. "Kiti sijui."

Muthama alikuwa anasikiliza. "Chonga kifaru," akasema. "Mimi nitakaa."

Wakatazamana wale wawili wenye jina moja, na sikuulizwa tena chochote. Nilichora vipimo kwa chaki ukutani mwa nyumba yao: urefu kutoka kisigino hadi goti, upana wa makalio, mahali mikono itashika. Nilimwonya asitumie mti wa muhugu, ni mzito, nani ataubeba mpaka shuleni. Akatumia mjakaranda. Akatoa tezo yake iliyokuwa imelala na kutu, na kwa muda hakuna aliyelala mchana katika boma lile.

Vifaru wawili, mmoja kila upande, wamesimama, migongo yao ndiyo pa kuwekea mikono, na kati yao ubao wenye tundu. Pembe! Hapo ndipo mzee aliponipiga bao. Pembe za wale vifaru zilikaa pale pale ambapo mtoto wa misuli iliyokaza anahitaji kushika ili ajisukume kwenda mbele na kuinuka. Katika vitabu vyangu vyote hakukuwa na mkono wa kiti uliokaa vizuri namna ile.

Kisha nikatazama nyuma ya nyumba, nikakuta vingine. Vimepangwa safu. Viti vya choo vya vifaru, karibu dazani.

"Babu, mtoto ni mmoja."

"Najua."

"Mbona viti vingi hivi?"

Alinitazama kama nimesema neno la kipumbavu. "Kwani kifaru inachongwa moja moja? Unakata miguu zote kwanza, halafu matumbo, halafu pembe. Moja ni kupoteza wakati."

Vile vingine vilikuja idarani kwetu kwa pikapu, na msijali, havikukaa. Watoto wengine walivihitaji, na mfanyabiashara mmoja wa Kisomali wa pale mjini, aliyekuwa na mama mwenye nyonga mbovu, alikiona kimoja akakichukua akaenda nacho kwenye bega katikati ya soko, pembe zinatangulia. Baadaye alisema mama yake amekataa kukiweka chooni. Amekiweka sebuleni anapokelea wageni.

Kulikuwa na hitilafu moja. Wachongaji hung'arisha vinyago kwa dawa ya viatu, na babu hakuona sababu ya kubadilisha. Siku ya kwanza ya kufanya mazoezi hospitalini, Muthama alivua, akakaa, akaongea sana, akainuka. Mama akapiga kelele. Makalio ya mtoto yalikuwa meusi yanang'aa, na duara safi katikati. Muuguzi aliyekuwa anapita alisimama akasema hajawahi kuona upele wa namna hiyo. Tulimsugua kwa sabuni mpaka akakasirika, na bado alirudi Kithimani akimeremeta.

Mazoezi yenyewe sasa, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi mnapokosea. Mnafundisha kutembea, mnasahau kaptura. Mtoto anafika chooni salama, anashindwa na kifungo. Tuliondoa vifungo vyote, tukatia mpira kiunoni, tukashona kitanzi kila upande cha kuingiza kidole gumba. Tulinunua kaptura kubwa kuliko yeye kwenye mitumba ya Tala. Tukamfundisha kuegemea ukuta kwa bega, mkono mmoja kwenye pembe, mwingine unashusha. Kisha ageuke kwa hatua ndogo ndogo, asijizungushe, maana akijizungusha miguu inajifunga mkasi. Kabla ya kuinuka, visigino vije nyuma, pua iende mbele, kisha ndipo asukume. Pua mbele! Mtu mzima mwenye kiharusi au mtoto, ni hivyo hivyo.

Hatukuwa na choo cha kufanyia mazoezi, kwa hiyo tulifanya kwenye korido, juu ya ndoo, nguo ikiwa imevaliwa juu ya nguo. Foleni ya wagonjwa ilimtazama. Wazee wa mgongo, akina mama wa mabega, wote walijua Januari inakuja. Akishusha kaptura bila kuyumba walipiga makofi. Akiinuka walipiga vigelegele. Mzee mmoja wa fimbo alimshangilia mpaka akasahau fimbo yake akaenda nyumbani bila hiyo, tukampigia simu aje kuichukua.

Alianguka mara nyingi. Mara nyingine alikataa kabisa, akalala sakafuni na kusema Januari ihamishwe. Nilimwambia hata mimi ningependa. Mama alikuwa anakimbia kumshika kila akiyumba, na Bwana Nzioka akampa kazi ya kushika ndoo kwa mikono yote miwili, ili mikono isipate nafasi ya kumdaka mwanawe.

Siku ya kufungua shule ikafika. Kiti kilikuwa kimeshawekwa, kimesuguliwa dawa ya viatu yote ikatoka, kwenye choo kimoja cha upande wa wavulana kilichokuwa na mlango wa bati. Mwalimu mkuu alisimama barazani na mwalimu wa darasa la kwanza. Watoto walijazana madirishani. Babu alivaa koti. Mama alikuwa na kopo la maji, karatasi, kaptura ya akiba, leso begani, amesimama kama mtu anayesubiri mbio zianze.

"Haya," mwalimu mkuu akasema, "nenda."

Muthama akaenda. Fremu ilikuwa inakwaruza changarawe. Katikati ya uwanja mguu mmoja wa fremu ulizama kwenye kishimo cha kuchezea gololi, akainama mbele, na mama akaruka. Nilimshika leso. Niseme ukweli, nilimshika kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, kwa sababu na mimi nilitaka kukimbia. Muthama akaitikisa fremu, akatukana kidogo kwa Kikamba, akaichomoa. Akafika kwenye kizingiti. Akainua fremu, akaingia. Tukasikia bati linagonga, na mlango ukafungwa.

Tulingoja. Tulisikia kaptura? Hapana, hatukusikia kitu. Mwalimu mkuu akatazama saa. Mama akasogea mpaka mlangoni, maji ya kopo yanamwagika kwenye viatu vyake.

"Mzee? Umeanguka?"

"Hapana."

"Umekaa?"

"Nimekaa."

Tukapumua. Tukangoja tena. Ndani akaanza kuimba, wimbo wa kanisani, ubeti wa kwanza, kisha wa pili, polepole, bila wasiwasi wowote. Watoto madirishani wakaanza kucheka. Mwalimu wa darasa la kwanza akaficha uso kwa daftari. Wimbo ukaisha, akaanza mwingine.

"Mzee, umemaliza?"

"Kitambo."

"Sasa unafanya nini huko?"

"Hakuna."

"Ngai! Si utoke, mwalimu anangoja! Nifungue nikusaidie?"

"Usifungue!" sauti ikatoka kali. Kisha ikatulia, ikasema kwa upole, kana kwamba anatueleza jambo ambalo tungepaswa kulijua wenyewe. "Niko peke yangu."

Mama alisimama na mkono wake umeinuka mbele ya bati. Nilimwona anaelewa, na mimi nikaelewa pamoja naye. Tangu azaliwe mtoto huyu alibebwa, alioshwa, alifutwa, alishikwa kwapani, alitazamwa na foleni nzima ya hospitali. Hakuwahi hata siku moja kuwa mahali ambapo hakuna mtu anayemwangalia.

Mama akaushusha mkono. Akamimina maji yaliyobaki kwenye kopo chini ya ua lililokuwa pale, akatugeukia sote, mwalimu mkuu, babu na mimi, akatusukuma kwa leso kama mtu anayefukuza kuku. "Twendeni," alisema kwa sauti ya chini, huku machozi yanamtoka. "Twendeni huko. Atakuja akitaka."

Tukaondoka, hata mwalimu mkuu. Tulisimama mbele ya darasa la kwanza tukimsikia anaimba kwa mbali, na ndani mwalimu wa darasa hilo alikuwa ameshawasogeza watoto wa dawati la mbele, akabakisha nafasi mwishoni, upande wa mlango, pa kuegesha fremu.